Mawese Yameganda Ndani ya Mashine

Mashine ya kuoshea vyombo ilifika kwetu mtaa wa Mwanga, Kigoma, ikiwa juu ya guta, imefungwa kamba ya katani, imelazwa juu ya godoro kuukuu. Mwenye nayo alikuwa mgeni aliyekuja huku kwa kazi za wakimbizi. Mkataba ulikuwa umekwisha, anauza kila kitu huku tiketi ya ndege iko mfukoni. Watu waligombea friji na jiko la gesi. Mimi nikaondoka na dude lililobaki, kwa bei ya mbuzi wawili. Mke wangu alitoka nje, akalizunguka, akafungua mlango wake, akaufunga.

"Sasa hili," akasema, "ataliosha nani?"

Swali lile nililipuuza kwa miezi saba.

Siku lilipogoma ilikuwa Jumamosi, na mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kasulu. Tulikula migebuka ya kukaanga, ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese mpaka yakawa mekundu. Nikasema leo mama ataona. Nikapanga sahani kwa madaha, nikaweka kidonge cha sabuni, nikabonyeza. Mashine ikaguna, ikanyamaza, ikaguna tena. Baada ya saa moja hivi ikalia mara tatu na namba ya kosa ikatokea. Nilipofungua, chini kulikuwa na maji ya rangi ya chungwa kama lita tatu, na sahani zimepakaa mafuta kuliko zilivyoingia. Mama mkwe hakusema neno. Alivuta kigoda, akasogeza beseni, akaanza kuosha.

Nikampigia fundi. Kigoma mafundi friji hatuna shida nao, wapo na wanajua kazi, ila mashine hii wengi wao hawajawahi kuishika, maana nyumba zenye nayo zinahesabika. Huyu wa kwanza aliniuliza kitu kimoja tu: taa inawaka? Nikasema inawaka na imeandika namba. "Basi bodi imekufa, bosi. Bodi inatoka Dar. Laki tatu na nusu, nusu unatanguliza." Hakuuliza kama maji yanaingia, hakuuliza kama yanatoka. Siku hizi bodi, kile kibao cha saketi kinachoiongoza mashine, imeshika nafasi ya jini: kila kisichoeleweka, ni yeye. Reli ya kutoka Dar mpaka hapa ni kilomita zipatazo 1,250, na mimi nilitakiwa kukisafirisha kifaa umbali wote huo kije kuchukua nafasi ya kingine ambacho hakuna mtu aliyekitazama. Nikamwambia nitakupigia.

Usiku ule nilikaa na kitabu cha maelekezo alichoniachia yule mgeni. Nilikuwa nadhani mashine hii inajaa maji kama ile ya kufulia, vyombo vinaogelea. Hapana. Inachota maji kidogo tu, yangu inatumia kama lita 12 kwa mzunguko mzima wa kuosha na kusuuza, na yale maji machache yanakaa chini kwenye kishimo. Pampu inayavuta, inayarusha juu kupitia mikono miwili yenye matundu inayozunguka kwa nguvu ya maji yenyewe, yanapiga vyombo, yanashuka, yanapita kwenye chujio, yanarushwa tena. Katikati ya safari hiyo hita inayapasha moto. Mwisho pampu ndogo ya pili inayatupa nje. Wazo hilo ni la zamani: Josephine Cochrane, mama wa Marekani aliyechoka kuona sahani zake za thamani zikipigwa mapengo kwenye karo, alipewa hataza mwaka 1886 kwa mashine iliyokuwa ikirusha maji kwa nguvu badala ya kusugua kwa brashi. Toka siku hiyo kilichoongezeka sana ni umeme na namba za makosa.

Kwa hiyo nikaamua kuyafuata maji. Yanaingia? Yanarushwa? Yanapata moto? Yanatoka? Mashine ikikwama, imekwama kwenye mojawapo ya hayo manne, na matatu kati yake mtu mwenye tochi na bisibisi anaweza kuyakagua bila kumlipa yeyote.

Umeme sikuchelewa nao. Taa ilikuwa inawaka, mlango ulikuwa unalia "ka!" ukifungwa (usipolia hivyo mashine haianzi, na mara nyingi ni kijiko kimezuia), breka haijaruka. Niseme tu jambo moja kwa wenzangu wa nyumba za zamani: ukigusa mlango wa mashine ukahisi kama sisimizi wanakutembea kwenye vidole, acha yote, chomoa, muite fundi umeme aangalie waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Maji na umeme usio na ethi havichezewi.

Kuingia kwa maji nilikuwa tayari na uzoefu nako, maana mwezi wa pili tu mashine ilishawahi kugoma kwa sababu hiyo. Ilikuwa inafanya kazi usiku, mchana inagoma. Nikahisi joto, nikahisi umeme mdogo, kumbe ni tenki. Tenki letu limekaa kwenye mnara wa mita tatu. Maji yakiwa juu, kila mita moja ya kimo inakupa msukumo wa kama bar 0.1. Hesabu ni hiyo tu. Tenki likijaa napata kama bar 0.4 na likikaribia kukauka nabaki na 0.3, na kibandiko kilichoko pembeni mwa mlango wa mashine kinasema inataka kuanzia 0.3. Mchana tumeshafua, tumeoga, tumemwagilia mchicha. Maji yako chini, mashine inasubiri, inachoka, inalia. Usiku bomba la mtaa limeshajaza tenki, mashine inafanya kazi kama mpya. Laiti ningempigia fundi wakati ule, angekuja jioni na kuikuta nzima, halafu ningelipa nauli ya bure.

Ukitaka kujua bila hesabu, fungua mpira wa kuingizia maji kule ukutani, uelekeze kwenye ndoo ya lita 10, fungua koki yote, tazama saa. Ikijaa ndani ya dakika moja, uko salama. Ikichukua dakika tatu, usilaumu mashine. Na ukishaufungua ule mpira usiurudishe hivihivi: upande unaoingia kwenye mashine kuna kichujio kidogo kama cha chai, saizi ya shilingi mia. Changu kilikuwa kimejaa mchanga laini na vipande vya kutu. Nilikivuta kwa koleo, nikakisugua kwa mswaki mkuukuu, nikarudisha.

Lakini Jumamosi ile maji yalikuwa yameingia, na ushahidi ulikuwa unanitazama kutoka chini. Hayakutoka. Basi asubuhi ya Jumapili, kabla ya kanisa, nikachomoa plagi, nikafunga koki, nikayachota yale maji kwa kikombe, yaliyobaki nikayanywesha sifongo. Nikavaa glavu za jikoni, na hapa sifanyi utani: glasi ikivunjika ndani, vipande vinakwenda kukaa kulekule kwenye kishimo unakotaka kupeleka vidole.

Chujio linatoka kwa kuzungushwa robo mzunguko, halihitaji hata bisibisi. Miezi saba nilikuwa nalo na sikuwahi kulizungusha. Mke wangu alisimama mlangoni na chai yake wakati nalitoa. Sitaeleza harufu. Kulikuwa na ugali wa muhogo uliogeuka gundi. Kulikuwa na mchanga, na mchanga huo nilijua umetoka wapi, maana dagaa wetu ukinunua wale walioanikwa ufukweni, hata ukiwaosha mara tatu, chembe zinabaki. Na juu ya yote hayo kulikuwa na tabaka la mawese, nene, la rangi ya chungwa, limeshika matundu yote ya chujio kama mshumaa.

Chini ya chujio kuna kifuniko kidogo cha plastiki, na chini yake ndiyo feni ya ile pampu ya kutupa maji. Nikakibandua kwa mpini wa kijiko. Nikaingiza kidole kuzungusha feni. Inatakiwa izunguke kwa kusitasita, kama inavutwa na sumaku, na ndivyo ilivyo, ina sumaku ndani. Yangu haikwenda popote. Nikamulika tochi: mfupa wa mgebuka, uti wenye miiba miwili, umejichomeka kati ya panga la feni na ukuta kana kwamba umepimwa. Nilipoutoa, feni ikazunguka. Laki tatu na nusu ya bodi ilikuwa imelala kwenye kiganja changu, ina urefu wa nusu kidole.

Nikalichemshia chujio maji, nikalisugua kwa brashi laini na sabuni (stilwaya hapana, itachana wavu). Nikaitoa mikono ya kurushia maji, matundu matatu yalikuwa yamezibwa na mbegu za nyanya chungu, nikayazibua kwa kijiti cha meno. Nikatazama mpira wa kutolea maji nyuma, haujakunjwa. Nikarudisha kila kitu, nikawasha. Maji yakaingia, yakarushwa, na mwisho nikasikia sauti tamu kuliko kwaya niliyokuwa nimeikosa: maji yakimwagika kwenye karo. Namba ya kosa haikurudi. Nikamwita mama mkwe aje aone.

Alikuja na khanga mabegani. Akatoa sahani moja, akaipitishia kidole gumba, akanionyesha. Kidole kilikuwa kinang'aa.

"Mkwe," akasema, "mawese haya yameganda."

"Ndiyo mama, ni yale ya jana, yatakwisha taratibu."

"Yatakwishaje? Mawese hayagandi kwenye maji ya moto. Hii mashine yako inaosha kwa maji ya baridi."

Nilibaki nimesimama. Mtu yeyote aliyekulia mkoa huu analijua jambo hili bila kulifikiria. Asubuhi ya baridi chupa ya mawese ina mafuta mazito chini na mepesi juu. Ukiiweka karibu na jiko, yote yanakuwa maji. Mawese yanayeyuka yote kwenye nyuzi joto zipatazo 35. Kitabu changu kinasema programu niliyoiweka inafika 65. Kama maji yangefika hata 45, tabaka lile la kwenye chujio lisingekuwapo, lingekuwa limeshakwenda na maji zamani. Mfupa ulikuwa ugonjwa wa Jumamosi. Hita ilikuwa ugonjwa wa wiki nyingi, na mimi nilikuwa nausugua kila siku kwenye glasi nikidhani sabuni za siku hizi hazina nguvu. Mgeni aliyeuza mashine hii hakupika mawese. Kwake hita ingekufa asijue kwa mwezi mzima.

Sasa, hita inakaguliwaje na mtu asiye na vifaa? Kwenye mashine yangu mlango ukifunguliwa katikati kila kitu kinasimama, na ukigusa chuma ndani unaweza kudanganywa na joto la hewa. Nilichotumia ni mita ya LUKU. Kwenye mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni imeandikwa inapepesa mara ngapi kwa uniti moja. Yangu ni mara 1000. Hita ya mashine hii ni wati 2000, yaani uniti mbili kwa saa, yaani kupepesa 2000 kwa saa. Hiyo ni karibu mara 33 kwa dakika. Pampu peke yake haifiki hata wati 150, taa itapepesa mara mbili kwa dakika, ukibahatika.

Nikazima friji, nikazima taa zote, nikachomoa chaja za simu, mwanangu akanuna kwa sababu ya televisheni. Kwanza nikawasha birika la umeme kama kipimo: taa ikapepesa haraka, moja, mbili, tatu, huwezi hata kupumua katikati. Nikazima birika, nikawasha mashine ya vyombo, nikasubiri ichote maji na kuanza kurusha. Nikasimama ukutani na saa ya mkononi. Moja. Nikangoja. Kuku akapita. Nikangoja. Mbili. Dakika kumi nzima nilikaa pale, haikuongeza kasi hata kidogo. Jirani aliniuliza kama wamekuja kunikatia.

Hapo ndipo nilipoacha. Hita iko chini ya mashine, ndani ya ubavu wa chuma, kwenye nyaya zinazobeba umeme mkubwa, na kuna vitu kwenye bodi vinavyobaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Nimeona watu wakifungua, wengine wanarudisha wakiwa na skrubu mbili za ziada. Sikufungua.

Sikumpigia yule wa bodi. Nilimpigia kijana mmoja wa Gungu anayetengeneza pasi na majiko ya umeme, nikamweleza hivi: maji yanaingia, yanarushwa, yanatoka, hayapati moto, na nimeangalia kwenye mita, hita haivuti. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hiyo sasa ni kazi." Alikuja saa kumi jioni na multimita na mkoba mmoja. Hakubeba hata kipuri. Akalaza mashine ubavu, akafungua, akapima ukinzani wa hita yenyewe: omu 26, ambayo kwa wati 2000 ndiyo inayotakiwa. "Hita nzima." Akafuata waya. Kile kichwa cha waya kinachochomekwa kwenye hita kilikuwa cheusi, kimeungua, plastiki yake imekuwa kama mkaa. Kilikuwa kimelegea, labda tangu safari ya kwenye guta. Hita inavuta karibu ampea tisa. Kiungo kikilegea kinapata joto chenyewe, kinaungua, mwisho kinaachia. Akakata, akabana kichwa kipya, akakaza. Elfu ishirini na tano pamoja na nauli ya bodaboda. Mashine mpya nyingi hita imejengwa ndani ya pampu yenyewe na zisingemalizika kirahisi hivi. Hii yangu ni ya zamani kidogo, na nimeacha kuionea aibu.

Alipokuwa anafunga alitukuta pia na jambo la povu, nalo tulicheka wote. Chini kabisa ya mashine kuna beseni la bati lenye boya la povu gumu jeupe, kama povu la yale maboksi ya kubebea samaki. Maji yakivuja yakaingia humo, boya linapanda, mashine inakataa kila kitu isipokuwa kutupa maji nje. Boya letu lilikuwa na alama za sabuni iliyokauka. Dada anayetusaidia alikiri: siku moja vidonge vilikwisha, akaweka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono, povu likatoka mlangoni mpaka barazani, akapiga deki na kunyamaza. Sikuwa na la kumwambia, maana hata mimi nilikuwa nimewaza kufanya hivyohivyo. Sabuni ya mkono imetengenezwa itoe povu. Ya mashine imetengenezwa isitoe.

Kuna ule ukungu mweupe kwenye glasi, ambao hata maji yalipopata moto haukuondoka. Huo si wa fundi. Maji yetu ya bomba yanatoka ziwani, na maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali, pH yake inakaribia 9, na yamebeba magnesi kwa wingi. Mashine ina chumba chake chini cha kulainisha maji, na chumba hicho kinataka chumvi ya chengachenga. Mgeni aliniachia mfuko, uliisha mwezi wa tatu, taa ya chumvi ikawaka, nikaizoea kama mtu anavyozoea taa ya gari.

Nilipomweleza mama mkwe kuwa natafuta chumvi ya mashine, alinitazama kwa huruma.

"Mkoa huu? Na Uvinza ipo?"

Ni kweli, watu wamechemsha chumvi kwenye chemchemi za Uvinza kwa zaidi ya miaka elfu moja, na misafara ilikuwa ikipita kuifuata. Nikajaribu kumweleza kwamba kitabu kinakataza chumvi ya mezani kwa sababu ni laini mno, inaganda, na huongezwa madini joto na vitu vya kuizuia isishikane, ambavyo vinaziba kile chumba. Inatakiwa iliyo tupu, ya chenga kubwa.

"Kwa hiyo inayomfaa mtu haiifai mashine."

"Ndiyo, mama."

"Makubwa."

Mfuko wa kilo mbili umekuja na basi kutoka Dar, na glasi zimeanza kuonekana upande wa pili. Mama mkwe alirudi Kasulu Jumatano ile. Tangu siku hiyo akipiga simu, baada ya salamu na kuulizia wajukuu, ananiuliza mtambo wangu umekula nini leo. Juzi nilimwambia maharage.

"Ya mawese?"

"Ya mawese, mama."

"Basi usikae hapo unaongea na mimi. Nenda kazungushe lile chujio."